Nani Alilipa Nauli?

Katika madodoso yote niliyoyabeba kwenye vijiji vya Bukoba na Muleba, ukurasa uliomchosha mwenye nyumba kuliko mingine ni ule wa wanakaya wasiokuwepo. Jina la binti. Umri wake. Aliondoka lini. Yuko wapi sasa. Sababu ya kuondoka: masomo, ndoa, kazi, nyinginezo. Je, hutuma chochote nyumbani? Mama mwenye nyumba hujibu huku akimenya ndizi, kisu hakisimami, nami najaza namba kwenye visanduku.

Nimefanya kazi ya udadisi hadi kustaafu, katika tafiti za serikali na za wafadhili, na sikuwahi kukabidhiwa dodoso lililouliza nani alimlipia binti nauli. Lakini jibu lake nililipata bila kuuliza. "Nauli alitumiwa na shangazi yake wa Mwanza, Ma." "Kuna dada mmoja pale stendi ya Muleba, huyo ndiye huwapeleka." Majibu ya namna hiyo hayakuwa na kisanduku, kwa hiyo yalibaki palepale kwenye kibanja, yaani shamba la migomba.

Siku hizi serikali za dunia zinagharimia utafiti juu ya mitandao ya kijamii na biashara ya kusafirisha binadamu. Mwaka 2014 shirika la utafiti la jeshi la Marekani, DARPA, lilianzisha mradi wa Memex, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kupekua matangazo ya intaneti ili kuwanasa wafanyabiashara wa watu. Oktoba 2019 BBC ilionyesha jinsi wafanyakazi wa ndani walivyokuwa wakiuzwa Kuwait kupitia Instagram na programu za simu, picha na bei zikiwa hadharani. Miaka miwili baadaye, nyaraka za ndani za Facebook zilizovuja zilionyesha kwamba kampuni ilijua mtandao wake unatumika kwa biashara hiyo, na kwamba Apple iliwahi kutishia kuitoa programu ya Facebook kwenye duka lake kwa sababu hiyo. Ni mambo mazito, na aliyeyafukua amefanya kazi ya maana. Lakini mimi ni mzaliwa wa Kamachumu. Mabinti wa huku walianza kuondoka kabla simu haijaota hata ndotoni, na serikali ilianza kuwachunguza zamani hizo hizo. Kuna kitu historia hiyo inaweza kuwafundisha watafiti wa leo, na kitu chenyewe ni nauli.

Wa kwanza kuondoka hawakulipiwa nauli na mtu yeyote, maana walitembea. John Hanning Speke alipofika Karagwe mwaka 1861 na kupokewa na Rumanyika, alikuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani wameshaweka kituo chao Kafuro. Walifuata pembe za ndovu, na pamoja na pembe walinunua watu. Njia ilishuka kusini hadi Unyanyembe, kisha mashariki hadi bahari. Emin Pasha alijenga kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, lakini Wajerumani hawakuuvunja utumwa kwa mkupuo. Walitoa amri kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru, na wazazi wake wakabaki walivyo. Hadi 1922, chini ya Waingereza, ndipo sheria ilipoufuta utumwa Tanganyika. Hii ina maana kwamba baadhi ya wanawake waliopanda meli za kwanza za ziwani walizaliwa katika nchi ambamo mtu aliweza kumilikiwa na mtu mwingine kisheria.

Meli ndiyo iliyogeuza mambo. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na haikupita muda meli za moshi zikawa zinazunguka ziwa: Kisumu, Port Bell, Bukoba, Mwanza. Zilikuja kuchukua kahawa. Waingereza walihimiza upandaji wake kwa nguvu miaka ya 1920, na kwa muda fedha ikawa nyingi Buhaya, nchi ya Wahaya: mabati, baiskeli, cherehani, na mahari iliyopanda kadiri bei ya kahawa ilivyopanda. Baada ya 1929 bei ya dunia ikaanguka. Kodi haikuanguka nayo. Deni la mahari nalo likabaki lilelile, kwani baba ambaye binti yake ameachika au ametoroka kwa mume alidaiwa kuirudisha, na alikuwa ameshaitumia.

Ndipo wanawake wakapanda meli iliyokuwa ikibeba kahawa. Wengine walishukia Kampala, wengine waliendelea kwa treni hadi Nairobi, na huko waliitwa Waziba, yaani watu wa Kiziba, hata kama kwao ni Ihangiro, upande mwingine wa Buhaya. Mwanahistoria Luise White aliwahoji wazee wa Nairobi miaka ya 1970, na katika kitabu chake The Comforts of Home cha mwaka 1990 ameeleza jinsi wanawake kutoka Bukoba walivyopanga vyumba Pumwani, wakakaa mlangoni wakitaja bei bila kificho, wakaishi kwa kubana matumizi na kutuma fedha nyumbani kuokoa mashamba ya baba zao. Majirani waliwasema vibaya. Lakini mashamba yalikombolewa.

Je, hawa walisafirishwa? Ukitumia jicho la leo unaweza kushawishika kusema ndiyo: mwanamke wa kijijini, jiji la mbali, kazi ya mwili. Mimi nasema tuulize nauli. Kwa wengi, tiketi ya meli ilinunuliwa kwa fedha yao wenyewe, au ya dada aliyetangulia ambaye alirudishiwa fedha yake na deni likaisha. Chumba kilikuwa chao. Hela iliingia mkononi mwao na ilitoka kwa uamuzi wao. Maisha yalikuwa magumu na yenye magonjwa, na wapo waliokufa huko wasijulikane walipozikwa, lakini bwana wa kuwamiliki hawakuwa naye.

Mdogo wake bibi yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alirudi Kamachumu akiwa na kitanda cha chuma, cherehani na fedha, akanunua kibanja. Alinunua, hakurithi, na tofauti hiyo ni kubwa huku kwetu. Ardhi ya ukoo mwanamke wa Kihaya aliweza kuitumia, ila hakuwa na haki ya kuiuza. Kibanja alichokinunua kwa jasho lake kilikuwa chake, na wanaume wa ukoo walikuja kukaa barazani kwake kwa adabu, wakanywa lubisi yake, pombe ya ndizi, na kumwita Ma kwa heshima, kisha wakamsema walipofika njiani. Sisi watoto tulimpenda kwa sababu alikuwa na sukari.

Serikali na wanaume wenye elimu walitaka kujua habari za wanawake hawa, na hapo ndipo utafiti ulipoanza. Umoja wa Wahaya ulioundwa Bukoba mwaka 1924 ulikuwa na kazi nyingi za heshima, shule na kahawa zikiwamo, lakini kufikia miaka ya 1930 suala la wanawake walioko miji ya mbali liliwakera wanachama wake kuliko mengine. Watu wao wa Kampala na Nairobi walijitwika kazi ya kuwasaka wanawake wa kwao na kuwarudisha. Watawala wa jadi walidai mwanamke asikatiwe tiketi ya meli bila ruhusa. Ulinzi wote ukawekwa gatini, na aliyelindwa ni yule mwenye kitenge na kikapu.

Kisha wakaja wataalamu wenye mshahara wa serikali. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, aliandika pamoja na M. M. Hartnoll kitabu cha sheria za kimila za Wahaya, kikachapwa mwaka 1945. Humo mila ambazo wazee walikuwa wakizibishania zikawa vifungu vyenye namba. Miaka ya 1950 wakafuata Audrey Richards na Priscilla Reining, waliochunguza uzazi Buganda na Buhaya kwa sababu wakubwa walikuwa na hofu kwamba Wahaya hawazai vya kutosha. Sina ugomvi na juhudi zao. Reining hasa aliijua Buhaya kwa undani. Lakini ukizipanga tafiti hizo unaona zilimzunguka mwanamke: anarithi nini, amezaa wangapi, ameolewa mara ngapi, ana ugonjwa gani, kwa nini ameondoka. Aliyenunua kahawa kwa bei ya kumfilisi baba yake hakuwa na dodoso lake.

Vifungu vya Cory viliishi muda mrefu kuliko ukoloni. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Muleba aliuza ardhi ya ukoo aliyoachiwa na baba yake kwa wosia. Mpwa wake akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kudai kwamba mwanamke hana mamlaka hayo, na mahakama ikautengua uuzaji ule. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila inayomnyima mwanamke kuuza ardhi ya ukoo huku ikimruhusu mwanamume inakwenda kinyume na Katiba. Wanasheria huijua kama kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory. Mimi naikumbuka kama jibu la swali ambalo watafiti walikuwa wakilizunguka tangu siku za meli: kwa nini wanaondoka? Kwa sehemu kubwa, kwa sababu ardhi waliyoilima haikuwa yao.

Wakati hukumu hiyo inatolewa, nyumba nyingi za Bukoba na Muleba zilikuwa na misiba mfululizo. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa katika mkoa wetu wa Kagera mwaka 1983. Miaka kumi baadaye vijiji vilikuwa na vibanja vilivyoota magugu na bibi wanaolea wajukuu. Yatima wa kike aliyefikisha miaka kumi na miwili au kumi na mitatu alikuwa mdomo wa kulishwa kwa bibi, na kwa ndugu wa mjini alikuwa mikono ya bure. "Nitamsomesha," ndivyo ndugu huyo alivyosema akija mazishini. Wengine walisomesha kweli. Wengine walimpa beseni na mtoto wa kubeba.

Utafiti nao ukamiminika. Mmojawapo mkubwa ulikuwa wa Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Muhimbili: kaya zaidi ya 900 katika jamii 51 za Kagera, kuanzia 1991 hadi 1994. Uzuri wake ni kwamba mwaka 2004 na tena 2010 walirudi kuwatafuta watu walewale, popote walipohamia. Hesabu yao ilionyesha kwamba kuhama kati ya 1991 na 2004 kuliongeza ukuaji wa matumizi ya mtu kwa pointi 36 za asilimia. Kwa lugha ya kibanjani, aliyeondoka alikula vizuri kuliko ndugu yake aliyebaki.

Kila anayetaka kupambana na usafirishaji wa binadamu huku kwetu aiweke mbele yake takwimu hiyo. Dalali akimwambia mzazi wa Nshamba au Kanyigo kwamba mwanawe akienda mjini atafanikiwa, hasemi jambo la kijinga. Mzazi amewaona waliofanikiwa, na nyumba zao za matofali ziko hapo barabarani. Uongo wa dalali unaaminika kwa sababu umejengwa juu ya ukweli huo. Kampeni inayosema "usiende mjini" itachekwa, kama mikutano ya wazee wa miaka ya 1930 ilivyochekwa.

Sasa simu. Nimewauliza wajukuu na majirani zangu wa Kashai, mjini Bukoba, na nimejiunga mwenyewe kwenye makundi mawili matatu ya WhatsApp ya kutafutiana wafanyakazi. Tangazo la kawaida huwa hivi: natafuta dada wa kazi, atoke Bukoba au Muleba, umri wowote, awe mchapakazi, asiwe na simu. Mtandao unamtafuta binti, na sharti la kwanza ni kwamba yeye mwenyewe asiwe na mtandao. Bosi wa Dar es Salaam huandika, dalali wa hapa hujibu. Bosi hutuma kwa simu nauli na "asante" ya dalali, binti hupandishwa basi alfajiri au meli ya jioni kutoka bandari ya Bukoba au Kemondo, na huko aendako hupokewa na mtu asiyemjua.

Angalia basi hesabu yake. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wa kawaida. Nauli ya basi kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam peke yake ilipita kiasi hicho. Mwajiri husema, "Nakata nauli yangu kwanza." Kisha hukata sabuni, sahani iliyovunjika, dawa ya malaria. Waswahili husema ahadi ni deni, ila hapa anayeahidi ni dalali na anayedaiwa ni binti. Akitaka kuondoka hana nauli ya kurudi, na nyumbani hawezi kupiga simu.

Visiwani ni vivyo hivyo, kwa njia fupi zaidi. Muleba ina visiwa vingi vya uvuvi, Bumbire, Goziba, Ikuza na Mazinga vikiwamo. Kwenye mialo ya huko msichana huitwa kupika au kuhudumia kwenye baa, boti inalipwa na mwenye baa, na boti ya kurudi inamtegemea mtu yuleyule. Matangazo ya Oman, Dubai na Saudia hutumia maneno mazuri zaidi: "viza na tiketi bure". Human Rights Watch waliwahoji wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania waliokuwa Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu, na katika ripoti yao ya Novemba 2017 karibu wote walisema pasipoti zao zilichukuliwa. Aliyetaka kuacha kazi aliambiwa arudishe gharama za kumleta. Ile tiketi ya bure ilikuwa na bei, na bei ilitajwa mlango ulipokwisha kufungwa.

Ndiyo maana yule mdogo wa bibi yangu na binti aliyeko Muscat siwezi kuwaweka kapu moja, ingawa wote walivuka maji kufuata riziki. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, na sheria yetu Namba 6 ya 2008 inayoifuata, zinatazama kitendo, njia iliyotumika na lengo la kumnyonya mtu, na kwa aliye chini ya miaka 18 ridhaa yake haihesabiwi. Sheria ni nzuri. Lakini mtendaji wa kijiji hawezi kuishika yote kichwani anapomwona msichana na mfuko wake kituoni. Maswali matatu anaweza kuyashika. Nani alilipa nauli? Mshahara utaingia mkononi mwa nani? Kitambulisho na simu vitakaa kwa nani? Majibu yote matatu yakiangukia kwa mtu mmoja, na mtu huyo si msichana, hapo pana kesi hata kama kila mtu kituoni anatabasamu.

Watafiti watakaopewa fedha kuchunguza mitandao wasiishie kuhesabu matangazo. Tangazo linafutwa leo, kesho linarudi kwa jina jingine. Na huku kwetu tangazo peke yake halimwondoi mtoto nyumbani. Mama wa Muleba hamkabidhi mwanawe kwa picha ya kwenye kioo cha simu. Humkabidhi kwa jirani, shangazi, mtu wa kanisani, mtu wanayezikana naye, ambaye amepata habari kupitia simu. Mtandao umempa mtu huyo mkono mrefu. Uaminifu alikuwa nao tangu zamani, na ndio anaouuza. Kwa hiyo dodoso limfuate yeye: amepeleka wangapi, analipwa kiasi gani kwa kila mmoja, na nani humlipa.

Watafiti pia wajiandae kuulizwa maswali. Mama mmoja wa Ihangiro aliniwekea mkono juu ya karatasi kabla sijaandika alikokwenda binti yake. "Mkishajua yuko wapi, mtamfanyia nini?" Hakuwa anakwepa. Bibi zake waliulizwa walipo watoto wao, na baada ya jibu wakaja wanaume kuwarudisha kwa nguvu. Mtafiti ambaye hana jibu la swali hilo asipige hodi.

Kuna jambo moja ambalo simu imelileta na meli haikuweza. Mwaka 1935 tiketi ya Bukoba hadi Kisumu ilinunuliwa kwa sarafu, na jina la aliyetoa sarafu halikubaki popote. Leo nauli ya binti inatumwa kwa simu, na kila muamala una namba ya aliyetuma, namba ya aliyepokea, tarehe na saa. Polisi wenye idhini ya kisheria wanaweza kuona namba moja ya Dar es Salaam ikituma nauli kwa dalali yuleyule wa Muleba mara kumi kwa mwaka. Wanaotafuta ushahidi ndani ya picha na maneno matamu ya mitandaoni waupekue kwanza muamala huo, kwa sababu ndio unaomtaja mnunuzi.